Deni la Mnunuzi

Mwaka jana kijana mmoja dalali alinijia nyumbani, ramani iliyokunjwa ikiwa kwapani. Alikuwa na mteja aliyetaka kununua ekari zangu mbili zilizo karibu na Konza. Bei aliyoitaja ilikuwa zaidi ya mara nane ya ile niliyolipa mimi mwaka 2010. Nilimkaribisha chai, nikamwambia kwamba ningefikiri. Alipokwisha kuondoka, mke wangu aliniuliza ni kitu gani hasa cha kufikiri katika jambo kama hilo. Sikuwa na jibu la haraka. Maandishi haya ndiyo jibu langu, na ninamwomba radhi kwamba limechukua muda mrefu.

Swali lililonizuia kusema ndiyo ni hili: mtu anayenunua ardhi kwa sababu anajua jambo ambalo muuzaji halijui, je, ana deni lolote kwa muuzaji huyo? Sisemi deni la kisheria. Kwa upande wa sheria mimi ni msafi: nilipewa kibali na bodi ya ardhi, hatimiliki ninayo, na kodi zote nimelipa. Nasema deni lile ambalo mtu hudaiwa usiku, wakati hakuna mahakama iliyo wazi.

Msomaji ambaye hajafika Konza yafaa aelezwe kidogo. Ni uwanda mpana wa nyasi na migunga, kiasi cha kilomita 60 kutoka Nairobi ukiifuata barabara ya Mombasa, mahali zinapokaribiana kaunti za Machakos, Makueni na Kajiado. Udongo wake ni mweusi. Wakati wa mvua hunata viatuni kama ulimbo, na wakati wa kiangazi hupasuka nyufa. Reli ilipita hapo kabla ya kufika Nairobi mwaka 1899, na stesheni ya Konza ndiyo njia panda ya reli iendayo Magadi. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka mia moja treni zilipita tu, na ng'ombe wakaendelea kula nyasi zao.

Kisha mwaka 2008 serikali ikazindua Ruwaza ya 2030, na miongoni mwa miradi yake mikubwa ukawamo mji mpya wa teknolojia. Mwaka 2009 ikanunua ekari 5,000 za ranchi ya Malili. Hapo palipangwa pawe na kampuni za kompyuta, chuo kikuu, viwanda vyepesi na nyumba za wafanyakazi, na taa, maji na barabara zake ziangaliwe kwa mitambo inayojua mahali penye hitilafu kabla wananchi hawajalalamika. Magazeti yaliandika habari hizo kwa herufi kubwa. Mimi nilikata kipande kimoja chenye ramani, nikakihifadhi ndani ya kamusi.

Sasa nieleze nilivyonunua. Ukame wa mwaka 2009 wazee wote wa upande ule wanaukumbuka. Rafiki yangu mmoja mfugaji, ambaye nilikuwa nimewafundisha watoto wake wanne, alikuwa na ng'ombe arobaini ukame ulipoanza. Ulipokwisha alikuwa na tisa, na hao tisa walisimama kwa kuegemeana. Mwezi wa Januari 2010 binti yake wa mwisho akaitwa kidato cha kwanza katika shule ya bweni. Baba yake akaja kwangu jioni, akakaa kitako barazani, na baada ya salamu ndefu akasema, "Mwalimu, wewe umestaafu na kiinua mgongo chako kiko benki. Ninunulie ekari mbili."

Alitaja bei. Sikupunguza hata shilingi moja, na kwa miaka mingi nilijisifu moyoni kwa jambo hilo. Lakini kile kipande cha gazeti kilikuwa chumba cha pili, hatua kumi kutoka tulipokaa, nami sikukitoa. Sikusema uongo wowote. Nilinyamaza tu, nikauliza kama chai ina sukari ya kutosha. Mbele ya bodi ya ardhi mwenyekiti alimwuliza mke wa rafiki yangu kama amekubali kuuza kwa hiari yake. Aliitikia kwa kichwa huku akitazama chini.

Je, ule unyamavu ulikuwa kosa? Nilipokuwa chuo cha ualimu, mkufunzi wetu mmoja alitusimulia kisa kilichomo katika kitabu cha Cicero, Mrumi aliyeandika juu ya wajibu mwaka 44 kabla ya Kristo. Mfanyabiashara mwema anatoka Alexandria na shehena ya nafaka, anafika kisiwa cha Rhodes penye njaa kali. Njiani ameziona meli nyingine zenye nafaka zikija huko huko. Je, awaambie watu wa Rhodes, na hivyo bei ishuke, au anyamaze na auze kwa bei ya njaa? Wanafalsafa wawili walibishana juu ya hilo. Diogenes wa Babeli alisema kwamba kunyamaza si kudanganya. Muuzaji asifiche ubovu wa bidhaa yake, lakini halazimiki kutangaza kila anachokijua. Antipater, mwanafunzi wake, alisema kwamba binadamu wote ni wa jamii moja, na anayemficha mwenzake jambo la kumfaa ili apate faida amevunja udugu huo. Cicero mwenyewe alielekea upande wa Antipater. Darasa letu liligawanyika nusu kwa nusu. Mimi, kijana wa miaka ishirini na ushei nisiye na hata kuku, nilikuwa upande wa Antipater kwa sauti kubwa kabisa.

Katika kitabu hicho hicho kuna kisa kingine kifupi, cha Quintus Scaevola, mwanasheria wa Roma. Alitaka kununua shamba, akaambiwa bei, akajibu kwamba yeye analithamini zaidi ya hapo, kisha akaongeza fedha 100,000 juu ya bei aliyotajiwa. Cicero anasema kwamba hakuna aliyekana kuwa huo ni wema. Watu walichokana ni kwamba ilikuwa busara. Nadhani hata leo sokoni tungesema hivyo hivyo.

Ndugu zetu Waislamu wanalo fundisho lililo karibu zaidi na kisa changu. Mtume Muhammad alikataza watu wa mjini kutoka nje kuupokea msafara njiani, wakainunua bidhaa kabla wenyewe hawajafika sokoni na kujua bei. Imepokewa pia kwamba muuzaji aliyenunuliwa hivyo, akifika sokoni, ana hiari ya kuyavunja mauzo. Nami kanisani nimesikia tangu utotoni mfano wa mtu aliyeikuta hazina shambani, akaificha tena, akaenda kuuza vyote alivyo navyo ili alinunue shamba lile. Najua kwamba mfano huo unahusu Ufalme wa Mungu wala si ununuzi wa mashamba. Lakini nilikuwa na miaka zaidi ya sabini siku niliyojiuliza kwa mara ya kwanza: na yule mwenye shamba, aliambiwa?

Wakili wangu wa ndani hakukosa la kunitetea. Alisema kwamba nilichokijua mwaka 2010 hakikuwa hazina, kilikuwa ahadi. Na ahadi ya serikali si meli iliyoonekana kwa macho baharini. Utetezi huu una uzito, kwa maana yaliyofuata hayakuwa mteremko. Mamlaka ya kuujenga mji iliundwa mwaka 2012. Januari 2013 Rais Mwai Kibaki akauzindua ujenzi, na bei za ardhi pande zote zikapanda kama moshi. Lakini serikali ilikuwa pia imetangaza ukanda wa kilomita 10 kuuzunguka mji, ambamo ujenzi na ukataji wa viwanja ungedhibitiwa, na wenye ardhi, mimi nikiwamo, tukajikuta tuna mali tusiyoweza kuifanyia tulilotaka. Awamu ya kwanza ilikuwa ya ekari 400 tu kati ya zile 5,000, nayo ilikwenda kwa mwendo wa kobe. Ikapita miaka ambayo mtu akisimama barabarani hakuona ila nyasi, ukuta na bango. Madalali wakatoweka. Wako waliouza kwa hasara kwa sababu walikuwa wamenunua kwa mkopo. Ni baadaye sana ndipo jengo la makao makuu, barabara za ndani na kituo cha kuhifadhia data za taifa vilipoonekana, na madalali wakarudi na ramani zao.

Basi, aliendelea kusema yule wakili, ulibeba hatari, na faida ni ujira wa hatari. Isitoshe, kama mji ungekufa, ni nani angekuja kukupa pole?

Nilitulizwa na maneno hayo kwa muda, kisha nikaona kasoro yake. Kama kunyamaza kwangu kulikuwa kosa, lilikuwa kosa jioni ile ile pale barazani, kabla mtu yeyote hajajua kama mji utajengwa au la. Mwanafunzi anayeiba majibu ya mtihani kisha akafeli hawi mwaminifu kwa kufeli. Kupanda au kushuka kwa bei kunabadilisha ukubwa wa donge, hakubadilishi lililokuwa moyoni siku ya kununua.

Nikaamua kwenda kwa rafiki yangu nikayaseme. Nilimkuta chini ya mgunga akitengeneza mpini wa jembe. Sasa ana ng'ombe wapatao ishirini. Binti yake yule alimaliza shule, akawa muuguzi, na ndiye aliyemjengea nyumba ya mawe. Nilikaa, tukajuliana hali, kisha nikasema:

"Mzee, mwaka ule uliponiuzia shamba, mimi nilijua kwamba mji unakuja. Sikukuambia."

Aliniangalia, akacheka mpaka akaweka jembe chini.

"Mwalimu, ulidhani habari zinafika kwako peke yako? Wale wapimaji walikuwa wakinunua maziwa kwangu. Nilijua kabla yako."

"Kwa nini basi ukauza?"

"Shule ilisema Jumatatu," akajibu. "Mji haukutaja siku."

Nilirudi nyumbani kwa miguu, na njia nzima nilikuwa nikiyarudia maneno hayo. Kumbe kwa miaka kumi na mitano nilikuwa nimejihukumu kwa kosa ambalo sikulitenda, nikaliacha lile nililolitenda. Nilidhani nilimzidi rafiki yangu kwa kujua. Kwa kweli tulikuwa sawa katika kujua, na pengine yeye alinizidi. Nilichomzidi ni kuweza kungoja. Mimi nilikuwa na pensheni kila mwezi na akiba benki, kwa hiyo miaka kumi na mitano kwangu ilikuwa muda tu. Yeye alikuwa na siku sita.

Hata kile kisa cha Rhodes nakisoma kwa namna nyingine sasa. Wanafalsafa walibishana juu ya siri ya yule mfanyabiashara, lakini siri ile ilikuwa na bei kwa sababu moja tu: watu wa Rhodes walikuwa na njaa. Kama ghala zao zingekuwa na chakula cha mwezi mmoja, angenyamaza asinyamaze, wasingelipa zaidi. Na tunapowaambia vijana kwamba subira huvuta heri, tunasahau kuwaambia kwamba subira nayo ina gharama, na si kila mtu anaimudu. Mwenye njaa hakosi subira kwa kuwa ana tabia mbaya; anaikosa kwa sababu hana cha kula akingoja.

Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Nimejaribu kuupima mradi wangu wa ekari mbili kwa methali hiyo, na umeshindwa. Sikulima hapo hata tuta moja. Nilipiga seng'enge mwaka 2012, na tangu hapo ng'ombe wa rafiki yangu wakalazimika kuzunguka kwenda kunywa maji. Thamani iliyoongezeka ililetwa na barabara, umeme na mabomba yaliyolipiwa kwa kodi na mikopo ya nchi nzima, hata kodi anayolipa mfugaji yule anaponunua sukari na sabuni. Waliochumia juani ni wengi, na kivulini nilikaa mimi.

Inafaa kutazama serikali yenyewe ilivyofanya hapo Konza. Ndani ya zile ekari 5,000 mwekezaji hauziwi ardhi. Hukodishwa kwa muda maalumu, na ardhi hubaki ya umma. Yaani serikali ilipojiona kuwa inaweza kungoja, ilikataa kuuza shina, ikauza matunda. Huko Dholera, katika jimbo la Gujarat nchini India, ambako unajengwa mji wa viwanda wa namna hii kwa sheria iliyotungwa mwaka 2009, wametumia njia nyingine. Sehemu ya ardhi ya kila mwenyeji, hadi nusu yake, huchukuliwa kwa ajili ya barabara na mahitaji ya mji, na kinachobaki hurudishiwa yeye kama kiwanja kilichopimwa. Wapo wakulima waliopinga mpango huo hata mahakamani, na sisemi kwamba walikosea. Mkulima akipewa kiwanja badala ya shamba hajui atapanda nini. Ila angalau katika mpango huo mwenyeji anabaki ndani ya hesabu siku thamani inapopanda.

Kuna pingamizi moja ambalo siwezi kulipuuza. Mtu aweza kusema: basi tusinunue ardhi kwa mwenye shida. Lakini kama ningekataa kununua jioni ile, nikailinda mikono yangu isichafuke, binti yule angebaki nyumbani. Mnunuzi anayejitenga ili awe safi humwacha mwenye shida katika shida yake, au humwacha kwa mnunuzi mwingine atakayempunja zaidi. Kwa hiyo sidhani kwamba kosa langu lilikuwa kununua.

Kosa langu lilikuwa kwamba sikuuliza anahitaji nini. Alihitaji karo, na karo ya mwaka ule haikufika hata robo ya bei ya ekari zile. Nilikuwa na fedha za kumkopesha. Wazo hilo halikunijia kabisa, kwa sababu alikuja na neno "kununua" mdomoni, na neno hilo lilinipendeza. Siku nyingine nilipomwuliza kwa nini hakuja kukopa, alijibu kwa upole, "Wewe hukuwahi kusema kwamba unakopesha." Ni kweli. Nilikuwa nimejulikana katika kijiji kizima kuwa mtu mwadilifu, lakini hakuna aliyewahi kunijua kuwa mtu wa kukopesha.

Hapo ndipo nilipofika katika kutafuta kanuni. Mnunuzi wa ardhi penye mji ujao amwulize muuzaji: ungekuwa umeshiba, ungeuza? Akijibu ndiyo, wapatane bei kama watu wazima na wasidaiane. Akijibu hapana, mnunuzi anayeweza kungoja ana deni la kumpa mwenzake sehemu ya kungoja huko: amkopeshe, au akodi badala ya kununua, au anunue kidogo kwa kadiri ya shida, au waandikiane kwamba bei ikipanda watagawana.

Nilijaribu kuifuata kanuni hiyo, ingawa nimechelewa. Nilimwambia yule dalali angoje. Kisha nikawaita rafiki yangu na mkewe, nami nikaenda na mke wangu, tukakaa chini ya mgunga ule ule. Nikawaeleza kwamba siku ekari zile zitakapouzwa, nitatoa kwanza nilicholipa, nikiongeza kiasi cha kufidia kushuka kwa thamani ya shilingi, na kinachobaki tutakigawa nusu kwa nusu. Rafiki yangu alikataa mwanzoni. Alisema kwamba yeye haombi sadaka, na kwamba alipata alichotaka, maana muuguzi wake yuko kazini. Nikamwambia kwamba si sadaka, ni hesabu.

Ndipo mke wake, ambaye mwaka 2010 niliona akiitikia kwa kichwa tu, akasema kwa mara ya kwanza.

"Mwalimu, na kama bei ingeshuka, ungekuja kutudai nusu ya hasara?"

"La, hasha," nikasema. "Hasara ingekuwa yangu."

"Basi hiyo si nusu kwa nusu," akasema. "Bado wewe ndiye unayeweza kupoteza."

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sijalipata. Ameona kwamba hata katika kugawana kwangu nimebaki mwenye nafasi, na wao wamebaki watu wanaopewa. Labda deni la namna hii halilipwi likaisha, hupunguzwa tu. Hata hivyo tuliandika mkataba, tukatia sahihi wote wanne, na wakili akaupiga muhuri. Kabla hatujaachana, mama yule aliomba jambo moja ambalo halikuwamo katika karatasi. Aliniomba nifungue seng'enge upande wa mashariki, ili ng'ombe wapite moja kwa moja kwenda kunywa maji mpaka siku mwenye kujenga atakapokuja.

Nimeifungua.